Deheni ya Land Rover

Kwa nje Land Rover ya Baba haikuwa na neno. Rangi yake ya kijani ilikuwa imepauka, boneti ina kovu la duara mahali tairi la akiba lilipokaa miaka mingi, na mlango wa dereva haufungi mpaka uuinue kidogo. Kutu hukuiona. Hiyo ndiyo hila ya magari haya. Yalipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita na alumini ilikuwepo, basi mabati ya mwili yakafanywa ya aloi ya alumini. Alumini haishiki kutu nyekundu. Lakini chasisi inayobeba mwili huo ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva nao ni chuma. Gari linaweza kukaa uani likionekana zima huku mifupa yake inaliwa.

Ya kwetu ni 109 ya Series III, toleo lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Baba aliinunua kwenye mnada wa magari ya serikali, akiwa bado ofisa uvuvi Tanga. Alipostaafu akaanza kubebea samaki, kutoka Kigombe na Pangani mpaka Muheza, siku nyingine mpaka Korogwe. Matenga ya samaki, barafu juu ya samaki, magunia juu ya barafu. Barafu ikiyeyuka, maji yanashuka. Kwa miaka kumi na moja maji yenye chumvi yalipita kila upenyo wa sakafu ya nyuma, yakaingia kati ya alumini na chuma, yakadondoka kwenye chasisi. Sisi wanawe tumesomeshwa na maji hayo.

Baada ya tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024, kaka yangu, anayeishi huko, alianza kupiga simu mara kwa mara kuliko kawaida. Alikuwa ameziona zilivyopangwa, amesikia bei. Baba haendeshi tena. Presha ya macho imemwachia duara dogo la katikati, anautazama ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Gari lilikuwa limesimama chini ya mwembe miaka miwili. Kaka alimpata mnunuzi, mtu wa shughuli za utalii anayependa magari ya zamani. Mimi nilikuwa nyumbani Tanga nikikusanya data za tasnifu yangu ya uzamili, kwa hiyo kazi ya kusimamia matengenezo iliniangukia. Kaka akatuma pesa kwa simu na maagizo kwa sauti: ndani ipigwe ile rangi ngumu ya chengachenga wanayopiga kwenye pikapu, chini ipigwe lami nyeusi, nene. Ipendeze.

Neno hilo la mwisho ndilo lililotugombanisha.

Lami ya kupaka chini ya gari si kitu kibaya. Ikipakwa kwenye chuma kipya, kikavu na kisafi, inazuia maji na mawe kwa miaka kadhaa, na kazi yenyewe ni rahisi: kopo, brashi, mtu mmoja aliyelala chali. Shida inaanza ikizeeka. Inakauka, inakuwa ngumu, inapata nyufa nyembamba kama unywele. Maji yanaingia kwenye ufa, yanatembea kati ya lami na chuma, na yakishaingia hayana haraka ya kutoka. Kwa juu unaona weusi mtupu, umetulia. Kwa ndani kutu inafanya kazi, na kutu huumuka: chuma kikigeuka kutu huchukua nafasi kubwa kuliko ile kilichokuwa nayo, kwa hiyo huisukuma lami taratibu mpaka inaachana nacho bila kuanguka. Fundi alinionyesha kwa bisibisi. Gari lilikuwa na lami ya zamani, labda ya enzi za serikali. Alichomeka ncha, akabandua kipande kikubwa kama kiganja, na nyuma yake kulikuwa na unga wa kahawia uliolowa. Ilikuwa Januari, na mvua haijanyesha wiki tatu.

"Unaona, dada? Limevaa koti la mvua, na maji yako ndani ya koti."

Nilicheka, halafu nikaacha, kwa sababu hicho ndicho ninachokisomea. Tasnifu yangu ni kuhusu plasta za nyumba za kale za Pangani. Kuta zile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hupumua: unyevu hupanda kutoka ardhini, hutokea kwenye plasta ya chokaa, hukauka na upepo. Mtu akipiga saruji juu yake, ukuta unapendeza miaka michache. Unyevu ukikosa njia unabaki humo pamoja na chumvi, chumvi inaganda, inasukuma, na siku saruji inapobanduka inaondoka na ngozi ya jiwe. Nimepiga picha za kuta kama hizo mpaka simu ikajaa. Sasa nilikuwa nimelala chini ya gari la baba yangu, vumbi la kutu likinidondokea machoni, nikiitazama picha ileile.

Chuma si jiwe, najua. Chuma hakihitaji kupumua. Ukiweza kukifunika pasipo tundu hata moja, kifunike. Ila kwenye gari linalopita changarawe hakuna kifuniko kisichopata tundu. Swali linakuwa ni kifuniko gani, kikitoboka, kitakuambia.

Chasisi ya Land Rover ina jambo lake jingine. Si nondo nzima. Ni sahani za chuma zilizochomelewa kingo kwa kingo zikawa boksi refu lenye uwazi ndani. Uwazi huo una matundu ya kutolea maji, na matundu huziba kwa tope, na tope la barabara ya Pangani likishakauka humo ni kama limepigwa lipu. Kutu ya hatari inaanzia ndani na kuja nje. Unaweza kupaka nje kila kitu kinachouzwa mjini, na boksi likaendelea kuisha kimyakimya kama muhogo ulioliwa na panya ukabaki ganda.

Siku Fundi alipoinua gari kwa jeki na kulikalisha kwenye stendi, Baba alitoka ndani na kigoda chake. Akaomba nyundo ndogo. Nilidhani anataka tu kuwa karibu na shughuli. Alikaa ubavuni, akaingiza mkono chini, akaanza kugonga chasisi kutoka mbele kwenda nyuma, shubiri kwa shubiri, kichwa ameinamisha upande. Ngi. Ngi. Ngi. Fundi naye akanyamaza. Walipofika karibu na mahali springi ya nyuma kushoto inaposhikiliwa, sauti ikabadilika: bu.

"Hapa pamekufa," Baba alisema. "Weka alama."

Fundi akaweka alama ya chaki. Mpaka adhuhuri alama zilikuwa saba. Mbili zilikuwa zimetoboka, bisibisi ilizama bila kusukumwa: ile ya springi, na boriti ya nyuma kabisa, inayopokea maji yote ya samaki. Tano zilikuwa zimepungua unene lakini bado zinashika.

Jioni nikampigia Kaka.

"Mbili lazima zikatwe, ziwekwe chuma kipya," nikamwambia. "Tano zinaweza kusubiri, zikitibiwa."

"Sawa. Mbili zichomelewe, kisha lami kote."

"Nikipaka lami mnunuzi hataona ipi ni ipi."

"Mdogo wangu, kila gari la umri ule lina lami chini. Yule ni mtu mzima, anajua anachonunua."

"Atajuaje kama hakuna anachokiona?"

Alinyamaza. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba ada yangu ya muhula ule ninajua ilikotoka. Nilijua. Ilitoka kwenye mshahara wake, yeye mwenye watoto wawili na nyumba ya kupanga, na muhula unaofuata ungetoka kwenye fungu lake la gari hili. Hakuwa ananitishia, alikuwa ananikumbusha hesabu, na ilikuwa ya kweli. Nikamjibu kwamba gari lile litapakia watu, wageni na dereva mwenye familia, na springi imeshikiliwa na kile chuma. Akasema, "Fanya unavyoona," kwa ile sauti ambayo katika nyumba yetu maana yake ni kinyume.

Nilimkuta Baba barazani na redio. Hakuuliza simu ilikuwa ya nani.

"Anataka nini?"

"Lami."

Akapunguza redio. Babu yangu alikuwa na mashua Kigombe, na Baba alipokuwa mtoto kazi yake ilikuwa kukoroga deheni. Nilikuwa nalijua neno hilo kutoka kwenye kamusi na makala za urithi, sikuwahi kumsikia akilitumia. Deheni ni mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama, unaopakwa sehemu ya chombo inayozama, kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo kwa maelezo ya Baba harufu yake ilikuwa inawafuata mpaka harusini. Wakati wa bamvua, maji yakijaa sana, walikisogeza chombo juu ufukweni, maji yakitoka kinabaki kimelala ubavu. Deheni ya zamani inakwanguliwa. Mbao zinakaguliwa moja moja, penye kuvuja panapigwa kalafati upya. Ndipo inapakwa deheni mpya, kwa mikono, kabla maji hayajarudi.

"Deheni inalika," alisema. "Inaliwa yenyewe badala ya ubao. Ikipungua unapandisha chombo."

"Na ingekuwepo deheni isiyoisha?"

Alifikiri kidogo. "Nani angeangalia mbao?"

Kesho yake nikaketi na Fundi kufanya hesabu upya. Shauri lake la kwanza lilikuwa oili chafu, ile inayomwagwa kwenye injini. Mafundi wengi huipulizia chini ya magari ya pwani, na kusema kweli inasaidia. Mafuta yakiwepo maji hayagusi chuma. Lakini inaharibu mipira ya springi na ya breki, inabeba mabaki ya kila kilichoungua kwenye injini, na inadondoka. Kisima chetu kiko hatua ishirini kutoka kwenye mwembe. Tukaiacha. Praima yenye zinki nyingi tukaipa vile vyuma vipya viwili peke yake, kwa kuwa zinki inafanya kama deheni, inaliwa kwanza ili chuma kipone, ila sharti iguse chuma kisafi kabisa. Juu ya kutu ni rangi tu kama rangi nyingine. Kwa zile sehemu tano na mashimo yake madogo tulinunua dawa ya kugeuza kutu, yenye tanini. Inaigeuza kutu kuwa kitu cheusi kilichotulia ambacho rangi inaweza kukishika. Fundi aliposikia kwamba tanini imo pia kwenye magome ya mikoko, na kwamba enzi za Wajerumani magome ya pwani hii yalisafirishwa ng'ambo kwa viwanda vya ngozi, alitaka twende Mwambani tukachemshe ya kwetu. Nikamwambia mikoko inalindwa na sheria. Tukanunua kopo.

Juu ya hayo yote, epoksi, ya makopo mawili yanayochanganywa. Inashika chuma na alumini vilevile, na haipitishi maji kirahisi. Rangi ya mwisho nikachagua kijivu cheupe, rangi ya majivu. Fundi alinitazama kama nimesema waridi. Chini ya gari ni cheusi, tangu lini kijivu? Lakini kwenye kijivu, kutu mpya inajitangaza. Tone moja la kahawia unaliona kwa tochi ya simu.

Na ndani ya boksi la chasisi, mahali brashi haifiki, nta ya majimaji. Hii inapulizwa kwa mpira mwembamba wenye ncha inayorusha pande zote. Inapenya kwenye maungio, haigandi ikawa ngumu, na ikikwaruzwa inatambaa kidogo kuziba mkwaruzo. Kasoro yake ni kwamba inashika vumbi na inaisha. Kila mwaka au miwili unarudi. Kaka alipoliona hilo kwenye orodha niliyomtumia aliandika: "Kwa nini ununue kitu kinachoisha?" Sikumjibu kwa maandishi.

Kabla ya kupaka chochote ilibidi kuondoa chumvi. Hapa ndipo kazi nyingi za rangi za pwani zinapofia: chuma kinasuguliwa kwa brashi ya waya na grenda mpaka king'ae, kumbe chumvi imebaki kwenye vijishimo, na chumvi chini ya rangi huvuta maji kupitia rangi yenyewe mpaka inatoa malengelenge. Tulichomeka mpira wa bomba ndani ya chasisi na kufungua maji baridi. Yalitoka meusi, yakawa kahawia, yakawa kama chai ya rangi, kisha meupe. Fundi akaridhika. Baba akanyoosha kidole chini ya tundu la nyuma, akakipeleka mdomoni.

"Bado."

Nilimwambia ana wazimu, kwa adabu. Siku ya pili akaonja tena. "Bado." Siku ya tatu alikaa na ladha muda mrefu, akatema mate pembeni. "Sasa ni maji."

Vyuma viwili vikakatwa na kuchomelewa. Fundi ni mchomeleaji mzuri, mshono wake ni kama ukindu uliosukwa, na alipomaliza akachukua grenda ili ausawazishe usionekane kabisa. Nikamzuia. Mkataba wa Venice wa 1964, ambao kila mwanafunzi wa urithi anaukariri kama dua, unataka sehemu iliyorudishiwa ilingane na jengo zima lakini itofautike na ile ya asili, ili asije mtu akadanganywa na kiraka. Sikumtajia Venice. Nilimwambia ukisawazisha mshono unaupunguza nguvu, jambo ambalo analijua kuliko mimi.

"Watu watasema sijui kumalizia."

"Watasema unajua kuchomelea."

Akagugumia, akaondoa tu ncha kali.

Ndani sikubishana sana. Sakafu ya nyuma Kaka alikuwa sahihi kabisa: pale matenga yanapoburutwa panahitaji kitu kigumu, tena ni bati la alumini lisilobeba uzito wa gari, na unaweza kulitazama juu na chini. Tatizo lilikuwa kopo alilolituma. Ilikuwa poliyurethani ya sehemu mbili pamoja na bunduki yake ya kupulizia, na kwenye maelezo niliona isosianeti. Hizi zinaweza kumpa mtu pumu, na mwili ukishazikataa mara moja, siku nyingine hata kiasi kidogo kinatosha kumkaba. Anayezipulizia anatakiwa kuvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Fundi alikuwa na kipande cha kanga. Ana kikohozi cha asubuhi ambacho husema ni vumbi.

"Nimepuliza rangi miaka kumi na minane," aliniambia.

"Tutumie rola."

"Haitapendeza."

Ilikuwa mara ya pili neno hilo kuingia uani mwetu. Tuliipaka kwa rola, nje, glavu mikononi, upepo wa kaskazi ukitutoka mgongoni, na ikawa na mabonde mabonde kama ngozi ya chungwa. Rola haitoi ule ukungu ambao mtu anauvuta kifuani. Kabla ya hapo tulifungua bolti za bati lile mahali linapokutana na boriti ya nyuma. Kwenye maungio kulikuwa na unga mweupe kama sembe: alumini na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Tukasafisha, tukaweka utepe wa mpira na gundi ya kuziba kati yake ili visigusane tena.

Kwa mbele, zulia nililipinga. Lilikuwepo, na chini yake kulikuwa na fulana nzito ya kupunguza kelele iliyokuwa imelowa tangu sijui mvua ya mwaka gani. Sehemu ya miguu ya dereva ilikuwa imeshaanza kutoboka kwa sababu yake. Epoksi mikono miwili, kijivu, basi, na mikeka ya mpira ambayo mtu anaweza kuinyanyua na kuianika. Land Rover ya miaka hiyo haijawahi kuwa na utulivu wa kulindwa kwa zulia. Ukifika kilomita sitini kwa saa mnazungumza kwa kupiga kelele hata hivyo.

Epoksi tuliipaka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri tu. Asubuhi chuma kinakuwa na umande usiouona kwa macho, na jioni unyevu wa bahari unarudi. Joto la Januari nalo linaigandisha haraka kwenye kopo, kwa hiyo Fundi alichanganya kidogo kidogo, kama mpishi wa maandazi anayekanda unga wa oda moja moja. Nta ikaja mwisho. Nilichora chasisi kwenye karatasi ya grafu, nikayapa matundu namba, kumi na manne. Kila tundu mpira uliingia, ukavutwa polepole. Kwa siku mbili gari lilidondosha matone ya rangi ya asali kwenye maboksi tuliyotandaza chini, na ndivyo tulivyojua nta imefika chini kabisa na matundu yako wazi.

Mnunuzi alikuja mwishoni mwa Februari, mtu mnene mwenye kofia, mpole. Alimwamkia Baba, akanywa maji, akavua saa yake na kuiweka juu ya boneti. Kisha akalala chini kwenye mchanga na shati lake jeupe. Alikaa huko muda mrefu sana. Tulisikia akigonga. Ngi, ngi. Baba alikuwa kwenye kigoda, kichwa kimeinama, akisikiliza pamoja naye.

"Nani kachomelea hapa?" sauti ikatoka chini.

"Mimi," Fundi akasema.

"Na hizi tano zilizoandikwa namba?"

Nikampa karatasi chini kwa chini. Ilikuwa na mchoro, tarehe, kilichopakwa wapi, na zile sehemu tano zilizopungua, kila moja na maelezo yake. Alipotoka mgongo wake ulikuwa na mchanga na mkono mmoja una nta. Akaivuta harufu. Akataja bei iliyopungua kwa milioni moja na laki nane kutoka ile aliyokubaliana na Kaka kwa simu, akasema sababu zake zote ziko kwenye karatasi yangu.

Kaka alikuwa kwenye spika. Ukimya wake ulisikika vizuri.

"Baba anasemaje?" akauliza mwishowe.

Baba alisema gari ni lake na amelisikia, bei hiyo ni halali yake. Wakapeana mikono. Usiku Kaka alinipigia mimi peke yangu.

"Umefurahi?"

"Sijafurahi, Kaka."

"Milioni na laki nane."

"Najua."

Ada ya muhula uliofuata alilipa, ikachelewa wiki mbili. Sikumuuliza kama ni mambo ya benki.

Karatasi ile iliondoka na gari, pamoja na kopo la nta lililobaki nusu na mpira wake. Mwezi Juni, masika yalipokwisha, mnunuzi alinitumia picha kutoka Arusha. Chasisi ya kijivu, tundu namba tisa, na chini ya tundu mchirizi wa kahawia kama chozi. Aliuliza kama ni nta inayotoka au ni kutu. Picha haikutosha kuamua. Nikamwandikia apanguse kwa kidole, aniambie kama kinateleza au kinakwaruza. Nikamsomea Baba swali lile na jibu langu.

"Mwambie aonje," Baba akasema.